Ile Mahari Imepatikana

Ujumbe uliingia Wilhelmina akiwa bafuni, simu yake ikiwa dirishani inachajiwa. Mama mkwe wake, Bibi Paskazia, aliyekuwa anachambua mchele chini ya dirisha hilo, hakuwa na tabia ya kushika simu za watu. Ndivyo alivyosema baadaye. Alisema simu ilitetemeka mpaka ikataka kuanguka, akaidaka, na kioo kikawaka chenyewe. Bibi Paskazia alijifunza kusoma ukubwani, kanisani, na mpaka leo husoma kwa sauti, silabi moja moja, kama mtu anayepanga nyanya mafungu.

"Da-da Mi-na. I-le ma-ha-ri i-me-pa-ti-ka-na."

Mwanawe Mhoja alikuwa mlangoni anavua buti. Alibaki na buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Soma tena, mama."

"I-le ma-ha-ri i-me-pa-ti-ka-na. Mwe-nye na-yo a-me-ku-ba-li. Njo-o Ju-ma-mo-si tu-ma-li-ze. U-si-mwa-mbi-e m-tu, wa-ta-tu-wa-hi." Akainua macho. "Imetoka kwa Malimi. Malimi ni nani?"

Mhoja hakumjua. Lakini neno mahari alilijua vizuri, na mama yake alilijua zaidi. Mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe akitaka kuondoka, ng'ombe hurudi walikotoka, na mara nyingi anayewarudisha ni yule mwanaume mwingine anayemngoja. Sasa mwanaume anamwandikia mke wa mtu kwamba mahari imepatikana, na kwamba mtu asiambiwe. Hapo palihitaji mkalimani?

Wilhelmina alitoka bafuni amejifunga kanga, akawakuta wamenyamaza.

"Mbona kimya hivyo?"

"Tunasubiri chai," alisema Mhoja.

Mhoja alikuwa ameshanakili namba ya Malimi, na simu ilikuwa imerudishwa dirishani, ila ilikuwa imelazwa kifudifudi. Wilhelmina aliona hilo, maana yeye huiweka chali. Akaichukua, akasoma ujumbe, akaingia nayo chumbani akitabasamu. Na wale wawili waliliona lile tabasamu.

Wilhelmina alikuwa mwandishi, ingawa katika nyumba ile neno hilo halikuwa na mtu wa kulitumia. Asubuhi aliuza chai na chapati nje ya geti la kiwanda kule Nyakato. Wafanyakazi wakishaingia, alipindua ndoo, akakaa juu yake na kuandika hadithi kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, akiwatumia wasomaji wake wa kundi la WhatsApp. Hadithi ikikamilika aliipeleka stesheneri ya Malimi, Buzuruga, ikapangwa, ikachapwa na kubanwa ikawa kitabu, naye akakiuza mwenyewe kutoka mkobani, kwa walimu, kwa wasusi, kwa watu wanaotoka misa ya pili. Vitabu viwili vilishatoka kwa njia hiyo. Kwenye majalada jina lake lilikuwa Mina wa Ziwani, na wasomaji wa Mina wa Ziwani walikuwa watu wasio na huruma. Mtoto wake akiwa na homa, wao wanauliza sehemu ya kumi na tisa iko wapi.

Nyumbani Igogo haikuwezekana kuandika. Vilikuwa vyumba viwili, na redio, na watoto, na mama mkwe, na kila akiinama kwenye simu, mtu alitaka chumvi. Tena alikuwa na mazoea mabaya: hakuweza kuandika mazungumzo kabla hajayasikia mdomoni mwake. Akisonga ugali alinong'ona maneno ya wahusika wake. "Usije leo, yupo." "Nikipata nafasi nitakupigia." Bibi Paskazia aliyasikia hayo yote, hakuuliza kitu, akayaweka akiba.

Wakati fulani alimwomba Mhoja wapange chumba kidogo cha kuandikia. Mhoja alicheka. "Chumba cha kuandikia? Kwani wewe umekuwa afisa mtendaji?" Akaenda kuwasimulia mafundi wenzake wa injini za mitumbwi, nao wakampachika Wilhelmina jina la Mtendaji na kumsalimia kwa jina hilo kila akipita ufukweni. Hakuomba tena. Alianza kutafuta mwenyewe kimyakimya, na akichelewa kurudi alisema alikuwa kwenye sala za jumuiya. Hapo ndipo alipokosea, na hakuna haja ya kumtetea.

Mhoja naye hakuwa mtu mbaya, na lisemwe sasa kabla hajaharibu. Wilhelmina alipokuwa na mimba ya Precious, kila alichokula kilirudi, na ni Mhoja aliyechukua samaki, sato, akamtoa miiba kwa vidole, mmoja mmoja, na kumwekea mkewe nyama kiganjani huku akimsimulia habari za injini ili asahau kichefuchefu. Hilo Mhoja amelisahau kabisa. Ukimkumbusha atabisha, na mbele ya watu atabisha zaidi. Wilhelmina hajalisahau hata siku moja.

Alhamisi, chapati zilipokwisha, Wilhelmina alipitia Buzuruga. Nyuma ya stesheneri palikuwa na kijumba kilichokuwa stoo ya karatasi. Kilikuwa na mlango, dirisha moja, na sakafu ya saruji iliyopasuka katikati. Malimi, kijana mnene mwenye wino kwenye mikono yote miwili, alikifungua kwa fahari ya mtu anayeonyesha hoteli.

"Si nilikuandikia? Mahari nzuri sana hii, dada Mina. Ina dirisha."

"Mahali, Malimi. Pale mahali ni pazuri. Pana dirisha."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Malimi alikuwa mtu wa Kwimba, na tangu azaliwe hajawahi kuona tofauti ya ra na la, si kwa mdomo wala kwa maandishi. Katika kitabu cha pili alichapa kwamba bibi harusi alikwenda kurara, na kwamba karamu ya mwalimu iliishiwa wino. Wilhelmina alizirudisha herufi hizo makwao moja moja, ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yake yakazoea kumsahihisha Malimi bila hata kumwambia mwenyewe. Ujumbe ule wa dirishani aliusoma vivyo hivyo. Aliona mahali, kwa sababu Malimi alimaanisha mahali.

Simu ya Malimi ikaita. Namba ilikuwa ngeni kwake, lakini Wilhelmina aliichungulia akaijua.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Malimi.

"Wewe ndiye Malimi?" Sauti ya Mhoja ilisikika mpaka ukutani. "Unamfahamu Wilhelmina?"

Malimi alimtazama Wilhelmina. Wilhelmina alitikisa kichwa.

"Simfahamu," alisema Malimi, akakata.

Wilhelmina alichukua ndoo yake. Mhoja amejua kuhusu chumba, alijiambia. Alirudi Igogo akiwa anatafuta maneno ya kuanzia, yeye ambaye maneno ndiyo biashara yake, na asiyapate.

Mhoja alikuwa nyuma ya nyumba ananawa grisi kwa sabuni ya unga. Hakugeuka.

"Nimeshajua ya Jumamosi," alisema.

Wilhelmina aliweka ndoo chini. "Nisamehe. Nilitaka kukwambia."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, Baba Precious. Lakini sikuwa na jinsi. Hapa nyumbani siwezi tena, nabanwa, sipumui."

Mikono ya Mhoja ilisimama ndani ya povu. "Tangu lini?"

"Nimewaza muda mrefu. Mwaka mzima. Malimi ndiye aliyenihangaikia."

"Na jina lake unanitajia."

"Nikufiche nini tena? Wewe nilikuomba ukacheka."

"Mimi uliniomba?" Sasa aligeuka. "Uliniomba mimi?"

"Ukawaambia na wenzako, wakanicheka ufukweni."

Mhoja alijaribu kukumbuka ni lini mkewe alimwomba ruhusa ya kuolewa na mtu mwingine, na ni lini yeye aliwasimulia mafundi jambo la namna hiyo. Hakupata. Akaona kwamba mwanamke huyu sasa anamfanya mwendawazimu. Alikausha mikono kwenye suruali, akaingia ndani, akampigia simu baba mkwe wake Ukerewe.

"Shikamoo baba. Jumamosi uje. Binti yako amepata watu wengine."

Mzee Nathaniel alishuka melini Jumamosi mchana, amevaa koti analovaa kwenye harusi za watu. Hakukubali soda. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeitwa polisi, akamtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. Watoto walipelekwa kwa jirani, na jirani, bila shaka, akaja kusimama karibu na dirisha kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

Bibi Paskazia ndiye aliyeanza. "Sisi tulitoa mahali. Hatukuja kuokota mtu hapa. Tulitoa mahali kamili."

"Mahali gani, mama?" aliuliza Mzee Nathaniel kwa upole.

"Mahali ya huyu binti yako. Ng'ombe."

"Ah. Mahari."

"Si ndivyo nasema?"

Mzee Nathaniel alikohoa. "Basi niseme mapema ili tusichoshane. Wale ng'ombe sina. Wengine walikufa, wengine walimsomesha kaka yake. Kama ni kurudisha, mnidai mimi kidogo kidogo. Huyu msimpige."

"Hakuna aliyempiga, baba," alisema Mhoja, akainamisha uso kwa aibu ya kosa ambalo hakulifanya. "Wala wewe hudaiwi. Huyo mwanaume wake ameshaipata mahari. Ameandika mwenyewe."

Wilhelmina, aliyekuwa mkekani, aliinua kichwa. "Mwanaume gani? Ameandika nini?"

"Soma simu yako," alisema Bibi Paskazia. "Ilisema yenyewe, mimi sikuigusa."

Wilhelmina alifungua ujumbe. Safari hii aliusoma kama mgeni, herufi kwa herufi, kama alivyousoma mama mkwe wake. Halafu akacheka. Lilikuwa kosa jingine, kwa sababu hakuna aliyemwelewa, na Mhoja alisimama.

"Ni mahali," alisema Wilhelmina akijifuta macho. "Malimi ni mpiga chapa wangu. Hajui ra na la. Alinitafutia mahali, ndiyo anasema pamepatikana. Mara ngapi nimemwambia aandike pale mahali pamepatikana? Angeandika hivyo tusingekuwa hapa. Baba asingepanda meli."

Mzee Nathaniel aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma midomo ikicheza. Kisha akaanza kucheka naye, taratibu, kicheko cha mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni.

"Kwa mdomo mtu anaweza kuteleza," alisema Bibi Paskazia, asiyecheka. "Mimi mwenyewe nateleza. Lakini hii imeandikwa."

"Mama, anaandika kama unavyosema wewe. Sasa hivi umesema mlinitolea mahali."

"Mimi nilisema mahali?"

Nje, jirani alidondosha kibanio. Kwa kitambo kidogo chumba kile kilikuwa chepesi, na kama kikao kingeishia hapo, wangekula wali na Mzee Nathaniel angeondoka na habari ya kusimulia kisiwani. Lakini Mhoja alikuwa hajakaa.

"Mahali pa nini?" aliuliza.

Wilhelmina alianza kuchezea ncha ya mkeka.

"Nakuuliza. Mahali pa nini?"

"Pa kuandikia hadithi."

"Umepanga chumba."

"Kidogo tu. Nalipa kwa hela ya vitabu."

"Una nyumba, una mume, umepanga chumba."

Yakisemwa hivyo, yalisikika vibaya hata masikioni mwa Wilhelmina. Kicheko cha Mzee Nathaniel kilikuwa kimekwisha. Alimrudishia binti yake simu kwa mikono miwili, kwa heshima isiyo ya kawaida, kama anayerudisha kitu cha mtu asiyemfahamu.

"Twende tukakione," alisema Bibi Paskazia, akiwa ameshavaa kandambili.

Walikwenda wote kwa bajaji, magoti yakigongana, mpaka Buzuruga. Malimi aliwaona wakiingia akajua siku imeharibika. Aliwaamkia wazee mara mbili mbili.

Mhoja alimsimamia karibu. "Hapa ni wapi?"

"Ni stesheneri, kaka."

"Nyuma. Kule nyuma ni wapi?"

"Ni mahari pa dada Mina kuandikia."

"Sema tena."

"Mahari."

"Tena."

"Mahari, kaka. Mahari pa kuandikia." Malimi alikuwa anatokwa jasho. Angeambiwa aseme mara mia angesema vilevile mara mia, na Mhoja aliliona hilo. Wilhelmina alitazama pembeni kwa aibu, si yake, ya Malimi.

Chumbani Malimi alikuwa ameshaweka meza, kiti, ndoo iliyopinduliwa, na bunda la karatasi za sehemu za kwanza za kitabu kipya zilizochapwa kwa ajili ya kusahihishwa. Bibi Paskazia alichungulia nyuma ya mlango. Akatikisa pazia. Akainua ndoo, akaona sakafu.

"Kitanda kinakuja lini?"

"Hakiji, mama."

"Chumba hakina kitanda?"

"Hakina."

Bibi Paskazia alimkazia macho mkamwana wake kwa muda. Kitanda angekielewa. Angepiga ukelele, angeita watu, angejua pa kuanzia. Meza na kiti vilimtia wasiwasi zaidi.

Mzee Nathaniel alimvuta binti yake nje, karibu na ukuta. "Mwanangu, ungekuwa na mwanaume ningejua la kusema. Hili sijui hata nimuulize nani."

"Ni kuandika tu, baba."

"Najua. Kile kitabu cha kwanza nilikisoma." Alisitasita. "Yule mzee bahili, anayeficha sukari chini ya kitanda. Ni mimi?"

"Hapana, baba," alisema Wilhelmina, ingawa ni yeye.

"Sawa," alisema Mzee Nathaniel, asiamini hata kidogo, akaenda kutafuta gari la bandarini.

Mhoja hakuvunja meza wala hakurudisha chumba kwa mwenyewe. Watu walimsifu kwa hilo. Alichofanya ni kuchukua ufunguo, akautia mfukoni mwake. Alisema Wilhelmina ataandika kila Jumamosi, na yeye atamfungulia, na atakuwepo. Kwa Malimi alikuwa ameridhika. Kwa jambo lenyewe hakuridhika, na hakujua kulieleza ila kwa kukaa juu ya ndoo karibu na mlango, mikono kifuani, akimlinda mkewe dhidi ya mtu asiyejulikana.

Wilhelmina hakuandika kitu. Utamtamkisha vipi mhusika maneno ya mapenzi huku mumeo anakutazama mdomo? Wasomaji wakalalamika kundini, wengine wakatishia kuhamia kwa mwandishi mwingine. Jumamosi ya tatu, Mhoja alichoka kutazama ukuta. Alinyoosha mkono, akavuta karatasi zilizokuwa mezani, akaanza kusoma. Katika miaka yote ya ndoa yao, hakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa mkewe. Alisoma kidole kikitangulia, polepole, akigeuza ukurasa kwa kuulamba. Wilhelmina alishika kalamu, akajifanya anaandika. Alijua kilicho mbele.

Kidole kilisimama.

"Huyu Deusi ni nani?"

"Ni mhusika."

"Ni mtu?"

"Mtu wa kwenye hadithi."

"Anamtolea mwanamke miiba ya samaki." Alirudi juu, akasoma tena. "Kwa vidole. Anamwekea kiganjani. Huku anamsimulia habari za injini ili asitapike." Akainua uso. "Haya mtu hayatungi, Mama Precious. Haya umeyaona."

Wilhelmina aliweka kalamu chini. Alimtazama, akampa muda, akangoja.

"Nimeyaona," alisema.

"Wapi?"

"Igogo. Zamani."

"Yuko wapi sasa?"

Alivitazama vidole vilivyoshika karatasi, vyenye grisi kwenye kucha, vidole vilevile. "Sijui," alisema. "Simwoni siku hizi."

Mhoja aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata hatimaye kitu alichokitafuta nyumba nzima. Hakupaza sauti. "Nikahangaika na Malimi wa watu. Kumbe ni huyu."

"Endelea kusoma. Ukurasa unaofuata."

"Sina haja naye. Mtoe."

"Nimtoe?"

"Ukitaka nikuamini, mtoe. Sitaki mwanaume wa hivyo anakaa kichwani mwa mke wangu. Fundi injini mzima anachambua miiba kama yaya. Si mwanaume huyo."

Angeweza kumwambia. Neno moja lilitosha. Lakini alimjua: angebisha, angecheka, angeapa kwamba hajawahi, na akishaapa, yule mtu asingekuwepo tena mahali popote, hata kwenye kumbukumbu yake yeye. Alivuta karatasi, akashika kalamu, akampiga mstari Deusi kwenye ukurasa ule, kisha unaofuata, kisha kila alipotajwa mpaka mwisho, na Mhoja akisimama begani kwake kuhakikisha hakuna aliporukwa. Upande wa pili wa ukuta mashine ya Malimi ilikuwa inatapika karatasi za mtu mwingine.

Walipomaliza, Mhoja aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele yake.

"Chukua. Uje siku unayotaka," alisema. "Sasa nimetulia." Na kweli alikuwa ametulia. Alimgusa bega, akatoka, akasikika huko mbele akimtania Malimi amtamkie neno mahali.

Kitabu kilitoka kabla ya Pasaka, chembamba kuliko vilivyotangulia. Wasomaji wa kundini, waliokwisha kumzoea Deusi katika sehemu za mwanzo, walikuja juu siku hiyohiyo. Dada Mina, Deusi mbona hayumo? Umemuua? Tumelipia nini sasa?

Wilhelmina alikuwa chumbani Buzuruga, peke yake, mlango umefungwa kwa ndani. Aliandika jibu, akalifuta, akaandika jingine, akalituma.

"Hajafa. Aliomba mwenyewe atolewe."